Salamu za Shukrani kwa Mliotushika Mkono Tukimuuguza na Kumzika Mama

Bwana Yesu asifiwe.

Familia ya marehemu mama yetu mpendwa, ya Marangu mkoani Kilimanjaro, inatoa shukrani za dhati kwa wote waliotushika mkono katika kumuuguza na kumzika mama, bibi na shangazi yetu, ambaye mwezi uliopita tulimlaza kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, kando ya baba. Kwa desturi salamu hizi huwa fupi: makundi hutajwa, kisha familia huomba radhi kwamba haiwezi kumtaja kila mmoja. Ndugu zangu wamenipa kazi hii mimi mtoto wa kwanza, nami nimewaomba waniruhusu niandike kwa kirefu, kwa sababu mliyotutendea ni makubwa.

Wengi wenu mlisikia habari za ugonjwa wa mama pale tulipotoa ombi la michango. Kabla ya hapo alishatibiwa muda mrefu ugonjwa ambao hakuwa nao, kila akirudi anabadilishiwa dawa, mpaka siku daktari mmoja kijana alipomwambia apande kitandani apimwe vizuri. Majibu yakaja: saratani ya shingo ya kizazi, na ilikwisha kuenea. Katika kipindi hichohicho mdogo wetu wa kiume aliachishwa kazi kwa sababu ya kuomba ruhusa mara kwa mara, na harusi ya kitinda mimba wetu ikaahirishwa. Nyumba nzima ikapoa. Tulikuwa tunakula kwa sababu tu chakula kimeshapikwa.

Hapo ndipo mlipoingia.

Shukrani za kwanza ziende kwa mchungaji, mwinjilisti, wazee wa kanisa na washarika wote. Ule mnada wa baada ya ibada hatutausahau. Watu walileta walichokuwa nacho: mikungu ya ndizi, mayai, maparachichi, maziwa kwenye chupa za soda. Bibi mmoja wa jirani, ambaye sote tunajua anavyoishi, alileta jogoo wake. Jogoo yule alinunuliwa, aliyemnunua akamrudisha mezani, akanunuliwa tena, akarudishwa tena, mpaka mwenyekiti wa mnada akachoka kumnyanyua. Mwishowe aliyemchukua alimpelekea yule yule bibi nyumbani kwake. Katika daftari la michango, ambalo tumelihifadhi, jina la bibi huyo lina mstari wake: "jogoo 1". Mbele yake pameandikwa jumla ya fedha zote alizoingiza jogoo yule, kwa sababu mhasibu wa usharika alisema fedha zile ni sadaka ya bibi.

Tunawashukuru wauguzi, madaktari na wahudumu wa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, waliompokea mama na kumwita mama. Ambao hamjawahi kuuguza mgonjwa wa mionzi, jueni kwamba si jambo la kwenda mara moja ukarudi. Mgonjwa hupigwa mionzi siku 5 za wiki, wiki baada ya wiki, na katikati yake kuna dripu za dawa. Damu ikishuka, matibabu yanasimama mpaka aongezewe. Sisi tunaishi zaidi ya kilomita 500 kutoka pale. Kama binamu zetu wa Kimara wasingetupa chumba, fedha zote za mnada zingeishia gesti. Asubuhi walimsindikiza mpaka kituo cha mwendokasi, na vijana waliokuwa na haraka zao walisimama ili yeye akae. Tukifika Kivukoni tulichukua bajaji. Damu yake iliposhuka, vijana wa kijiwe cha bodaboda cha Kimara, ambao hawakuwa wakimfahamu kabisa, walikuja wakajitolea. Vijana wetu, Mungu awalinde barabarani.

Sasa niseme jambo lenyewe lililonifanya nitake kuandika kwa kirefu.

Mama alikuwa na sura moja ya Biblia aliyopenda kusomewa alipokuwa amezidiwa: 1 Samweli 30. Daudi anarudi Siklagi na watu wake, anakuta mji umechomwa moto, wake na watoto wamechukuliwa mateka. Watu wake mwenyewe wanataka kumpiga mawe. Mstari wa 6 unasema Daudi alijitia nguvu katika Bwana, Mungu wake. Tulipomsomea mama mstari huo tukidhani ndio wa kumfariji, alituambia turudi nyuma, mstari wa 4. Pale imeandikwa kwamba Daudi na watu wake walilia mpaka wakaishiwa nguvu za kulia. Mama alisema, "Mmeona? Alilia kwanza. Wala Mungu hakumkemea."

Maneno hayo yalitubeba kuliko mahubiri mengi. Maana katika kipindi kile tulitembelewa pia na watu waliotuambia kwamba tukilia tunaonyesha hatuna imani. Yupo aliyetuambia tupande mbegu ya fedha ili mama apone. Yupo aliyekuja hata wakati wa matanga akauliza kama tuliomba kwa kukiri kweli. Hatumtaji mtu na hatuna kinyongo, ila tunaomba jambo hili lisifanywe kwa familia nyingine yenye mgonjwa. Mama yetu aliamini. Aliamini akiwa na maumivu, aliamini alipoambiwa matibabu hayawezi kuendelea, na usiku wa mwisho alikuwa bado anawaombea kwa majina wanawake aliolala nao wodini. Tuliomba apone na hakupona. Imani yake haikupungua kwa sababu hiyo, na yetu, ingawa ilitikisika sana, imesimama.

Imesimama kwa sababu yenu. Hapo ndipo sura ile ya Siklagi inaponigusa hata leo. Watu wengi huishia pale Daudi anapowafuatia adui na kurudisha kila kitu. Lakini katika safari ile watu 200 kati ya 600 walichoka, wakabaki kwenye kijito Besori kulinda vyombo. Vita ilipokwisha, wengine walitaka wale wasipewe kitu. Daudi akakataa, akasema fungu la aliyekwenda vitani na fungu la aliyekaa na vyombo litakuwa sawa, na akaifanya kuwa sheria katika Israeli.

Basi kwa niaba ya familia, nawashukuru mliokaa na vyombo. Baba mdogo, uliyekata majani ya ng'ombe asubuhi na jioni kipindi chote tulichokuwa Dar, na kila Jumamosi ukatutumia fedha ya maziwa bila kujikatia hata ya sabuni: shikamoo, na Mungu akulipe. Mama wa nyumba ya chini, uliyefagia uwanja wetu ili mtu asidhani nyumba imehamwa. Mwalimu wa darasa la mwanangu, uliyekaa naye baada ya vipindi alipoanza kushuka masomoni. Wanajumuiya mliokuja kusali sebuleni kwetu alfajiri tukiwa hatupo, mkasali na watoto, mkawachemshia chai kabla hawajaenda shule. Hamkupigwa picha, na katika daftari hamna mstari. Familia inajua.

Kwa mazishi yenyewe, tunawashukuru umoja wa wanawake mliomenya ndizi usiku kucha, kwaya zote, kamati ya mazishi, mliotuazima maturubai na viti, waajiri waliotoa ruhusa na usafiri, wana kikoba wenzake mama, ndugu zetu Wakatoliki na Waislamu wa kijijini mliobeba jeneza pamoja nasi, pamoja na mliotuma rambirambi kwa simu kutoka Arusha, Mombasa na kwingineko. Mchungaji, asante kwa kutohubiri kwa kirefu kaburini mvua ilipoanza.

Mama alituachia agizo, nasi tunalifikisha kwenu. Aliomba kila mwanamke anayemjua akapimwe shingo ya kizazi hata kama haumwi popote, kwa sababu kipimo cha kutumia siki maalumu ni cha muda mfupi na huonyesha mabadiliko kabla hayajawa saratani. Pia aliomba mabinti wapelekwe kupata chanjo ya HPV, yaani ya kirusi kinachosababisha saratani hiyo. Hapa Tanzania ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaanza kutolewa kwa wenye miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Wapo wazazi wanaoiogopa kwa maneno ya mitaani. Mama alipokuwa amelazwa alisema angekuwa na nguvu angezunguka nyumba kwa nyumba. Wajukuu wake walio katika umri huo wameshachanjwa, na umoja wa wanawake umekubali kuandaa siku ya akina mama kwenda pamoja kupima.

Mdogo wetu bado hajapata kazi ya kudumu. Harusi imepangiwa tarehe nyingine, na kadi zitawafikia. Tunaeleza haya kwa sababu mmekuwa mkituuliza, na mmeshakuwa watu wa nyumbani. Zipo siku tunaamka vizuri, zipo siku mtu anaweka kikombe cha mama mezani kwa mazoea, na chai inapoa sote tukiwa kimya. Siku za namna hiyo endeleeni kuja, hata kama hamna la kusema.

Ibada ya shukrani itafanyika usharikani Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, mara baada ya ibada ya kwanza, kisha tutakutana nyumbani kwa chakula. Hesabu za michango ya matibabu na ya msiba zitasomwa siku hiyo mbele ya wote. Kiasi kilichobaki familia imekubaliana kukikabidhi kwa usharika kiwe nauli ya mgonjwa mwingine atakayepewa rufaa ya kwenda Dar. Walioacha masufuria, mabeseni na majagi kwetu, tumeyaosha na kuyapanga jikoni, karibuni mchukue siku hiyo.

Bwana awabariki na kuwalinda.

Ni sisi watoto, wakwe na wajukuu.