Kazi ya kujitolea iandikwe kwa jina lake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na ofisi zinazopokea vijana wa kujitolea, hasa huku wilayani.

Nina stashahada ya uhasibu. Nikiwa nasubiri ajira niliomba kujitolea kwenye zahanati moja hapa Muheza, nikijua nitapanga mafaili. Kutengeneza matangazo na tovuti nilijifunza mwenyewe usiku bwenini, kwa kompyuta ya kuazima. Niliwahi kuwatengenezea ndugu kadi za harusi, basi. Sikuuhesabu kuwa ujuzi, na hata kwenye wasifu wangu sikuuandika.

Siku ya tatu bibi mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniita. "Mjukuu wangu, hebu nisomee hapa." Ilikuwa ratiba ya chanjo: karatasi ya A4, maandishi mekundu juu ya kijani, herufi za mlazo zilizobanana mpaka ukingoni. Mimi mwenye macho mazima ilinibidi niukaribie ukuta ndipo nisome. Bibi alikuwa amekuja wiki moja kabla ya siku ya mtoto, na ametembea kutoka kijijini.

Usiku ule nilianza kuiandika upya kwa Inkscape, programu ya bure ambayo nayo imejengwa na watu wanaojitolea. Niliondoa maua, nikaondoa salamu ndefu za kumkaribisha mteja. Nikaacha umri wa mtoto na chanjo zake: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18 kwa surua na rubela. Namba za umri nilizipa urefu wa vidole vitatu, nyeusi juu ya njano iliyopauka, kwenye karatasi ya A3. Pale steshenari njano yangu ilitoka kama tope. Ndipo nikaelewa kwamba rangi ya kwenye kioo ni mwanga na ya kwenye karatasi ni wino. Nikarekebisha, nikachapisha tena. Kabla ya kulibandika bango hilo nilisimama mlangoni, pale foleni inapoanzia, nikahakikisha kila namba inasomeka.

Muuguzi wa zamu ndiye aliyeniambia baadaye kwamba kina mama sasa wanaoneshana wenyewe kwa kidole: "Wako bado, ni wiki ya 14." Nilikaa kwenye benchi nikawasikiliza. Miaka mitatu ya chuo sikuwahi kuona kazi ya mikono yangu ikimfaa mtu mbele ya macho yangu namna ile.

Baada ya hapo kikundi cha kina mama wa Amani, huku huku wilayani kwetu, wanaouza iliki, mdalasini na pilipili manga wakaniomba tovuti. Picha walizonipa, zilizopigwa kwa simu, zilikuwa na MB 4 kila moja. Picha kumi ni MB 40 za bando la mteja kabla hajaona hata bei! Nilizipunguza, hakuna iliyozidi KB 150, bei na namba ya simu nikaziweka juu kabisa. Mwenyekiti wao aliifungua kwenye simu yake ndogo iliyopasuka kioo, ikafunguka, akanishika mkono asiuachie.

Sasa lililonifanya niandike. Nilipomaliza muda wangu zahanati, barua niliyopewa ilisema "alisaidia kazi ndogondogo za ofisi." Nimeipeleka kwenye maombi mawili ya kazi, na kote kuwili nimeulizwa nimewahi kufanya nini hasa. Najua vijana wenzangu wenye barua kama hiyo: mmoja amerekodi matangazo ya maji ya kijiji, mwingine amepanga takwimu za shule nzima kwenye kompyuta.

Wakuu wetu, posho hatudai, ingawa nauli ingetusaidia sana. Tunachoomba ni mstari mmoja wa kweli: amesanifu bango la chanjo, ametengeneza tovuti, kwa muda gani, na nani ameisimamia kazi hiyo. Muulizeni kijana siku anayoripoti anajua nini, maana mimi hakuna aliyeniuliza. Ofisi ile ina kompyuta nzuri iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na bango langu bado liko ukutani. Jumatatu narudi kuomba barua yangu iandikwe upya.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga