Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Iringa

Ndugu wanachama, kamwene.

Ziara za maeneo ya kihistoria ya Isimila na Kalenga, usafi wa chumba cha mkusanyiko wetu wa vifaa vya jadi na uandikishaji wa vifaa hivyo vilikamilika. Hayo mnayajua.

Niseme kuhusu friza, maana ndiyo iliyozua maneno. Kwa pendekezo langu, kamati ilitoa shilingi 850,000 kununua friza ya kugandishia vifaa ili wadudu wafe, badala ya kabati la vioo la kuvitunzia. Nasimama na uamuzi huo. Unga uliodondoka chini ya vigoda na mipini ya mikuki ni kazi ya fukusi hai, wadudu wanaotoboa mti. Kabati lingewafungia ndani waendelee kula. Dawa ya kupulizia haimfikii buu aliye ndani ya mti, na sumu hubaki kwenye kifaa. Makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani yalipaka vifaa vyao sumu za wadudu kama aseniki na DDT, na leo watumishi wake huvishika vifaa hivyo kwa glavu. Wazee walioshauri tuanike juani nawaheshimu, lakini jua hupasua mti kabla joto halijafika kwenye kiini.

Utaratibu niliusimamia mwenyewe. Kila kifaa hufungwa kwenye nailoni nzito, hewa ikakamuliwa, mdomo ukazibwa kwa selotepu. Huingizwa vichache kwa wakati mmoja, kwani friza ikijaa ubaridi huingia polepole na wadudu huuzoea. Hukaa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, zinazohesabiwa tangu kipimajoto kilicho katikati ya mzigo kifike hapo. Umeme ukikatika joto likapanda, tunaanza upya. Kikitolewa, kifaa hakifunguliwi kwa saa 24, la sivyo umande hutua kwenye mti badala ya nailoni na ukungu hufuata. Aliyefungua kigoda mapema alifikirie hilo aelewe kwa nini nilikemea. Ngoma zilizowambwa hatukugandisha hata moja, kwa sababu ngozi iliyovutwa inaweza kuchanika. Maneno kwamba tumezipasua si ya kweli.

Fedha: ada 520,000, michango 930,000, matumizi 1,260,000, salio 190,000. Kati ya wanachama 58, waliolipa ada ya 20,000 ni 26. Kikao kilichojadili friza hiyohiyo kilihudhuriwa na watu tisa, na wengi wanaolalamika leo hawakuwamo. Jambo hili linaniuma.

Ngoma bado zinasubiri. Dawa yake ni kuzifungia pamoja na pakiti za kufyonza oksijeni, ila kwa baridi ya hapa Iringa wadudu hupumua taratibu na kazi huchukua wiki nyingi zaidi. Fedha zikipatikana, tutajaribu mwakani.