Mpwangu, kabla hujalipia shamba la mlimani

Mpwangu,

Salamu sana. Tumesikia umeonyeshwa shamba huko juu Usambara Mashariki, njia ya Amani, na dalali ana hoja moja tu: Mjerumani alilima kahawa hapo. Kweli alilima. Muulize basi kwa nini aliacha.

Miaka ya 1890 makampuni yao yalifyeka msitu Derema na Nguelo yakajaza mibuni. Waliona miti minene wakaamini ardhi imeshiba. Kumbe rutuba ya Usambara Mashariki imekaa juu juu, kwenye majani yanayooza. Chini yake ni udongo mwekundu wa tindikali, uliochujwa na mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ukishakata miti, masika machache tu yanalikomba tabaka lile. Mibuni ilizaa vizuri mwanzoni, kisha ikadhoofu, na bei nayo ikaanguka kwa wingi wa kahawa ya Brazili. Kituo cha utafiti cha Amani kinafunguliwa 1902, kahawa tayari iko mashakani.

Vibarua nao hawakupatikana kwa hiari. Usambara Magharibi, wilaya ya Wilhelmstal (ndiyo Lushoto ya leo), mwanamume alipewa kadi ya kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi 4. Ukipigiwa hesabu za faida za enzi hizo, likumbuke hilo.

Udongo ule ule ulioishinda kahawa ndio unaoipendeza chai. Chai inataka pH, yaani kipimo cha tindikali, ya 4.5 hadi 5.5. Kwa hiyo usikisie: chimba sehemu 10 hadi 15 za shamba, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi, kausha kivulini, peleka nusu kilo kituo cha utafiti cha Mlingano wakupimie. Usichote penye majivu wala zizi la zamani, vipimo vitakudanganya.

Chai ikishakubali, kazi ndiyo inaanza. Unachuma majani mawili na chipukizi, kila baada ya siku 7 hadi 14. Ukichelewa yanakomaa na kiwanda kinayakataa. Usiyashindilie kwenye gunia: yanapata joto katikati, yanageuka mekundu kabla ya kufika, na chai yake haina ladha. Yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai kavu, maana yake sehemu kubwa ya unachosafirisha ni maji, nawe ndiye unayelipia gari.

Ndiyo maana milima hii imeendeshwa na njia ya kushukia. Reli ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Mombo 1905. Mbao za mitarakwa za Shume zilishushwa kwa waya hadi Mkumbara ziikute reli, na Sigi ikajengewa tawi lake hadi Tengeni. Mkonge, ulioingia 1893 na miche 62 tu iliyosalimika, ulibaki tambarare na kuleta utajiri pale pale relini. Basi pita barabara ya shamba lako mwezi Aprili. Ya Januari haikwambii kitu.

Penye mteremko weka makinga-maji kwa usawa wa kontua, yaani mstari wa kimo kimoja, na majani ya guatemala, nyasi ndefu za kushika udongo, ukingoni. Pima kwa fremu A, ile ya miti mitatu yenye timazi, si kwa jicho. Mstari ukilegea mahali pamoja maji yanakusanyika hapo, yanapasua tuta, na msimu mmoja tu umepata korongo. Wakoloni wa Kiingereza walilazimisha matuta Mlalo, huko Lushoto, kuanzia 1946, watu wakayakataa: kazi nyingi, mavuno haba, na amri juu yake. Hawakuwa wavivu, usimsikilize anayesema hivyo.

La mwisho, Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Nenda na mwenyekiti wa kijiji na mtu wa misitu mkaone mawe ya mpaka kwa macho, ndipo umuulize dalali bei.

Wajomba zako, Tanga