Spika za Rediogramu ya Zamani Zinataka Ubao, Hazitaki Boksi

Miezi michache iliyopita mama mmoja alifika karakanani kwetu na jozi ya maboksi mapya ya spika, yamepakwa vanishi nzuri na kuungwa kwa useremala usio na kasoro. Ndani yake mlikuwa na spika zilizotolewa kwenye rediogramu (kabati lenye redio na kinanda cha santuri) ya marehemu mumewe, ambayo mbao zake zilikuwa zimeliwa na mchwa kiasi cha kutookoleka. Tulipokwisha kumwamkia na yeye kutuitikia, alisema: “Wanangu, hii si sauti ya nyumbani kwangu. Imebanwa kama ya mtu anayesema akiwa ndani ya mtungi.”

Tuliziunganisha tukamwona hakukosea. Sauti ya mwimbaji ilivimba, gitaa la besi lilivuma kwenye noti moja tu, na noti zilizo chini yake hazikusikika kabisa. Tukazitoa spika zile, tukazifunga kwenye ubao mmoja mpana tunaoutumia kwa majaribio, ubao mtupu usio na kitu chochote nyuma, kisha tukaipiga santuri ileile. Mama aliketi kimya hadi upande wa kwanza ulipokwisha. Tangu siku hiyo tumeona ni vyema kueleza kwa maandishi jambo ambalo tumekuwa tukilieleza kwa mdomo kila wiki, kwa sababu wateja wengi wanaookoa spika za zamani huenda moja kwa moja kwa seremala kutengenezewa maboksi, nao hugharimika mara mbili.

Anayetaka kuelewa sababu na ageuze redio yoyote ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, atazame mgongo wake. Ataona kipande chembamba cha ubao kilichojaa matundu. Matundu yale hutoa joto la valvu, lakini pia humaanisha kwamba spika ya mbele haikufungiwa hewa hata kidogo. Waliounda redio hizo walijua hivyo, wakatengeneza spika zinazojitegemea bila msaada wa hewa iliyofungwa: koni nyepesi ya karatasi, ukingo mkavu wa karatasi iliyokunjwa au wa kitambaa, na sumaku ya wastani. Spika ya namna hiyo, koni yake ikishasukumwa, huendelea kutikisika kidogo kabla ya kutulia, mfano wa bembea isiyo na wa kuishika. Mafundi hupima tabia hiyo kwa namba inayoitwa Q (ikiwa kubwa, koni huchelewa kutulia), ambayo ni miongoni mwa vipimo vilivyotokana na kazi ya Neville Thiele wa Australia mwaka 1961 na kuendelezwa na Richard Small katika miaka ya 1970. Spika nyingi za kisasa zenye sumaku kubwa huwa na Q ya 0.3 au 0.4. Spika za rediogramu mara nyingi hufika 0.8, na nyingine huvuka 1.

Ukiichukua spika ya Q kubwa ukaifungia kwenye boksi dogo, hewa iliyomo ndani inakuwa springi ya pili inayoisukuma koni. Q inazidi kupanda, mtetemo wa asili wa spika nao unapanda, na matokeo yake ni ule mvumo wa noti moja aliousikia mama yetu. Kwenye ubao wazi mambo hugeuka, na ulegevu uliokuwa kasoro ndani ya boksi unakuwa msaada, kwa sababu ubao wazi una upungufu wake ambao ulegevu huo huufidia.

Upungufu huo si wa kufichwa. Koni inaposukuma hewa mbele, wakati huohuo inaivuta nyuma, hivyo mawimbi ya mbele na ya nyuma yana mielekeo iliyo kinyume na yakikutana yanauana. Tia kiganja ndani ya beseni la maji ukitikise polepole: maji yanakizunguka kiganja, na beseni halichafuki. Shika sinia badala ya kiganja, na maji yatalazimika kwenda. Ubao ndio sinia lenyewe. Wimbi la hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde) lina urefu wa sentimita 34 tu, kwa hiyo ubao wa kawaida hulizuia bila shida. Lakini wimbi la hezi 100 lina urefu wa takriban mita 3.4, na hilo huuzunguka ubao wa nyumbani kama vile haupo. Kwa makadirio yetu ya karakanani, ubao wenye upana wa sentimita 60 huanza kupoteza nguvu chini ya hezi 200 hivi, na kila idadi ya hezi inapopungua kwa nusu hupotea desibeli 6 nyingine (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukifika hezi 50 umepoteza desibeli 12, na kuzirudisha kunahitaji nguvu ya amplifaya mara 16. Spika yenye Q kubwa inainua besi yenyewe karibu na mtetemo wake wa asili, na hivyo inajaza sehemu ya shimo hilo bila kuisumbua amplifaya. Spika ya kisasa ya gari, ambayo baadhi ya wateja hutuletea wakidhani kuwa mpya ni bora, ikifungwa kwenye ubao huohuo husikika nyembamba kama redio ya simu.

Kuna faida nyingine ambayo mtu huitambua anapoisikia. Ubao wazi hutoa sauti mbele na nyuma, lakini ubavuni sauti zinauana, kwa hiyo kuta za pembeni hazipigwi sana na nguvu inayoenea chumbani ni kama theluthi moja tu ya ile ambayo ingetolewa na spika inayotawanya sauti pande zote. Sebule nyingi za kwetu zina sakafu ya vigae, kuta za saruji na dari tupu, vyumba ambavyo ndani yake maboksi makubwa hupiga kelele na maneno ya wimbo hayashikiki. Kwa sebule za namna hiyo sisi hupendekeza ubao wazi kabla ya kupendekeza chochote cha bei ghali.

Wateja huuliza pia kwa nini spika za kale zina sumaku ndogo iliyo mithili ya kikombe, ilhali za baadaye zina gurudumu jeusi. Ile ndogo kwa kawaida ni alniko, mchanganyiko wa chuma na alumini, nikeli na kobalti. Kobalti hiyo kwa sehemu kubwa ilitoka Katanga, ambayo katika miaka ya 1970 ilikuja kuitwa Shaba, katika nchi iliyoitwa Zaire. Vita vilipofika Kolwezi mwaka 1978 bei ya kobalti ilipanda mno, na viwanda vingi vya spika vikahamia kwenye feraiti, yaani lile gurudumu jeusi, ambayo haihitaji kobalti. Tunaieleza historia hii kwa sababu tunapenda wateja wajue kwamba kitu walichorithi kina mkono wa ardhi iliyo jirani yetu. Na tunaongeza onyo moja: usiifungue sumaku ya alniko kwa lengo la kuisafisha. Ikitenganishwa na vyuma vyake inapoteza sehemu ya nguvu, na hairudi hadi isumakishwe upya kwa mashine maalumu.

Kabla ya kununua mbao, spika zipimwe. Hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote. Kwanza tunaibonyeza koni taratibu kwa vidole viwili vilivyowekwa pande mbili zinazoelekeana, sikio likiwa karibu. Ikikwaruza, basi koili (waya uliosukwa nyuma ya koni) inagusa chuma, ama kwa kutu, ama kwa vumbi la chuma, ama kwa sababu spika iliwahi kuanguka na sumaku ikahama. Spika zilizoishi pwani karibu na bahari tunazikagua kwa uangalifu zaidi, maana chumvi ya hewani huingia kwenye mwanya wa koili. Pili tunapima kwa mita ukinzani wa umeme wa koili, unaohesabiwa kwa omu. Spika ya omu 8 husoma kama 6 hadi 6.5, na spika nyingi za Kiingereza za omu 15 husoma kati ya 10 na 13.

Hapo kwenye mita ndipo tumeokoa spika zilizokaribia kutupwa. Philips, katika miaka ya 1950 na 1960, walitengeneza redio za valvu ambazo hazikuwa na transfoma ya kutolea sauti, na spika zake ziliundwa kwa omu 400 au 800. Mtu akiiunganisha spika kama hiyo kwenye amplifaya ya leo anasikia sauti hafifu na kudhani kwamba imekufa. Haijafa. Amplifaya inayotoa wati 20 kwenye omu 8 itatoa wati 0.2 tu kwenye omu 800, na hiyo ndiyo sababu ya unyonge wake. Dawa yake ni transfoma ya kulinganisha, ambayo tunaweza kuikokotoa na kuisuka. Kama spika yako ina nyaya nne badala ya mbili, na nyuma yake pana koili kubwa mahali pa sumaku, hiyo ni spika ya sumakuumeme ya zama za kabla ya alniko kuenea. Tafadhali usiiwashe mwenyewe, kwa kuwa koili ile ilikuwa ikilishwa umeme wa mamia ya volti.

Michaniko midogo ya koni hutengenezeka. Tunatumia karatasi laini nyembamba na gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, tabaka moja mbele na moja nyuma, ikaachwa ikauke usiku kucha. Gundi ya papo hapo hatuitumii kwa sababu hukauka ikawa kama kioo, na karatasi huchanika tena pembeni mwa kiraka. Koni iliyotafunwa na mende hadi kwenye koili hatuna la kuifanyia kwa uaminifu, na tutakueleza hivyo.

Ubao wenyewe tunaupenda uwe wa plaiwudi ngumu ya milimita 18. Ubao wa vumbi la mbao huvimba kwa unyevu, hasa wakati wa masika. Kwa spika ya inchi 8 au 10 tunaanza na upana wa sentimita 60 na kimo cha mita moja, na tunaongeza mabawa mawili ya sentimita 20 hadi 30 kwa nyuma endapo nafasi ipo, kwani mabawa hurefusha njia ya wimbi la nyuma. Tundu la spika haliwekwi katikati. Likiwa katikati, umbali wa kushoto na kulia unalingana, na mawimbi yanayozunguka kingo hufika pamoja na kuacha bonde linalosikika kwenye sauti ya mwimbaji. Likisogezwa upande mmoja, mabonde hayo hutawanyika. Ukingo wa nyuma wa tundu unachongwa kwa mshazari wa nyuzi 45, la sivyo unene wa mbao hugeuka bomba fupi nyuma ya koni na kuipa sauti mlio wa puani. Seremala wengi huiruka hatua hii, nasi hulazimika kumwomba mteja aturudishie ubao.

Ubao usitikisike. Gilbert Briggs, mwanzilishi wa Wharfedale huko Yorkshire, Uingereza, alilitatua jambo hili katika miaka ya 1950 kwa kujaza mchanga mkavu katikati ya plaiwudi mbili nyembamba, na njia hiyo bado inafanya kazi vizuri sana. Tuliijaribu kwa mchanga wa mtoni uliooshwa na kuanikwa juani siku tatu. Mchanga wa ufukweni usitumike hata ukionekana mkavu, kwa sababu chumvi yake huvuta unyevu na plaiwudi itaoza kutoka ndani.

Spika nyingi za zamani zina koni ndogo ya ziada katikati kwa ajili ya sauti za juu. Zisipokuwa nayo, twita moja (spika ndogo ya sauti za juu) yenye kapasita ya mikrofaradi 4 isiyo na upande wa chanya na hasi itaanza kufanya kazi kwenye hezi 5,000 hivi kwa twita ya omu 8. Hatuoni haja ya vifaa vingi zaidi ya hivyo, na mara nyingi vikiongezwa huondoa ule uwazi uliotafutwa.

Nyumbani, ubao uwekwe walau mita moja kutoka ukuta wa nyuma. Ukiuegemeza ukutani, wimbi la nyuma hurudi upesi na faida yote inapotea. Najua mita moja ni nafasi kubwa katika sebule ya kupanga, na wapo wateja tuliowashauri wasijenge kwa sababu hiyo tu. Vilevile, spika hizi zina uwezo wa kutoa desibeli 94 na zaidi kwa wati moja, hivyo amplifaya ya wati 10 inatosha, lakini koni zake hazisafiri zaidi ya milimita moja au mbili. Kwa taarabu, rumba, kwaya na taarifa ya habari zitakupendeza. Kwa besi za ukumbi wa harusi zitachanika. Anayetaka vyote viwili tunamwekea spika ya inchi 15 chini kwenye ubao huohuo, yenye amplifaya yake, ikishughulikia sauti za chini ya hezi 150 hivi, na ile ya zamani inapumzishwa mzigo.

Mama yule tulimtengenezea mbao mbili za plaiwudi zilizovikwa veniya ya mninga, na maboksi yake mapya sasa ni meza ndogo za pembeni za sebule hiyohiyo.

Ukitaka kuleta spika zako, leta zote mbili hata kama moja unaidhania mbovu, pamoja na redio yenyewe au transfoma yake kama bado ipo. Zifunge kila moja peke yake kwa kitambaa, sumaku ikitazama chini, na usizipandanishe, maana sumaku ya moja huivamia koni ya nyingine njiani. Kupima hatutozi malipo, na tunapima mbele yako ukisikiliza. Kipande cha karatasi chenye vipimo utaondoka nacho, kwa hiyo hata ukiamua kumpa kazi seremala wa mtaani kwako, atajua upana wa ubao na mahali pa kutoboa tundu.