Kwa mabinti wa mwambao mnaosomea bahari

Wanangu,

Mwaniambia mwataka kushuka kilindini, na nafurahi sana. Nina neno nanyi kuhusu njia ya kufikia huko.

Mwaka 1964 meli ya utafiti Anton Bruun iling'oa nanga hapa Mombasa ikiwa na wanaume 70 na mwanamke mmoja, Sylvia Earle, Mmarekani, mama wa watoto wadogo wawili. Gazeti la mjini liliandika kwamba anasafiri na wanaume 70 na hatarajii matatizo. Ujuzi uliomfaa kwenye safari ile ulikuwa mwani. Shahada ya udaktari hata alikuwa hajaipata bado.

Mwaka 1970 akaongoza wanawake wenzake wanne kuishi wiki mbili kwenye nyumba iliyozamishwa mita 15 hivi, Visiwa vya Virgin, huko Karibi. Waandishi wakauliza habari za nywele na rangi ya midomo. Yeye alikuwa akichunguza samaki gani hula mmea gani. Mtaulizwa hayo hayo nanyi. Jibuni kwa adabu, kisha rudini kazini.

Mwaka 1979, karibu na Oahu, Hawaii, alivaa vazi gumu la metali la kuzamia, liitwalo JIM, akatembea sakafuni mwa bahari, mita 381 chini, kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, bila kamba ya kumfunga na meli. Huko kulikuwa na matumbawe membamba marefu. Akiyagusa, pete za mwanga wa buluu zinayapitia toka juu hadi chini. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwanasayansi mkuu wa NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na anga.

Watu hulisifu lile vazi. Mimi huziangalia sampuli za mwani alizokusanya Ghuba ya Mexico, zaidi ya 20,000. Msingi wake ulikuwa huo, wanangu.

Basi bamvua likija, maji yakitoka, nendeni mwambani. Chukueni mche mmoja mmoja, msing'oe ovyo. Uacheni uelee ndani ya karai la maji, pitisheni karatasi ngumu chini yake, tandazeni vijitawi kwa brashi laini, inueni polepole. Funikeni kwa kitambaa na magazeti, wekeni uzito juu, mbadilishe magazeti kila siku hadi ukauke. Andikeni mahali, tarehe na mulikoukuta: mwambani, mchangani au kidimbwini. Na mkitakiwa kupeleka sampuli ng'ambo, pelekeni, lakini ya pili ibaki hapa pwani, kwenye kabati la chuo chenu, ambapo wadogo zenu wataiona bila kuomba viza.

Mama yenu,
mwalimu mstaafu wa baiolojia, Mombasa