Mdogo wangu, zile karabai nne

Mdogo wangu,

Ile sauti uliyonitumia usiku wa manane nimeisikiliza mara tatu. "Dada, hivi sisi tunaishi ili iweje?" Nikakujibu "mwombe Mungu," nikarudi kulala. Nilikuwa nimeshinda juani nikianika dagaa, nisamehe. Leo nakujibu vizuri, na wanaopita hapa wasome tu.

Unakumbuka baba alivyokuwa akituita watoto wa mbalamwezi? Mimi nilikuwa naona aibu, hasa mbele ya wageni. Dagaa hufuata taa gizani. Mwezi ukijaa ziwa zima linang'aa, karabai hazina kazi, mitumbwi inalala Kibirizi na wanaume wanarudi kwa wake zao. Haya, hesabu mwenyewe. Unaitafuta sababu ya kuwepo kwako huko Dar, kumbe ilikuwa ikining'inia juu ya milima ya Kongo.

Mpwa wako yuko kidato cha tatu, ananifundisha fizikia nikisonga ugali. Juzi kaniambia nuru ya Kilimia, kile kikundi cha nyota, tunayoiona sasa ilitoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita. Kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, kabla Stanley hajamkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, ilishakuwa njiani. Na nuru haizembei, kila sekunde inakata kilomita 300,000! Nilisimama uani hadi shingo ikauma. Baba hakuyajua haya, lakini Kilimia alikuwa akikitazama hivyo hivyo, mdomo wazi, kama aliyeitwa jina lake.

Hapo nikakukumbuka wewe, na hasira ikapanda.

Arobaini ya baba. Sinia hazijaondolewa, mama yuko eda chumbani. Ukapita katikati ya watu na yule mnunuzi, karabai mbili kila mkono. Moja ikagonga fremu ya mlango, kioo kikalia. Mama aliutambua mlio ule bila kuona. "Hiyo ni taa ya baba yenu," akasema, wala hakupaza sauti. Wewe ukasema nauli. Nauli! Pesa ya magunia mawili ilikuwa kwenye pindo la kanga yangu, hukuniuliza.

Oa, mdogo wangu. Au usioe, ila awepo mtu ambaye hata akigusa mlango tu unamjua. Mama alikuwa naye. Mimi nilikuwa na mama, ndiyo maana nilibaki, si kwa ajili ya nyumba kama mnavyosema huko. Nani angemwogesha? Na hili la kwamba sikukupa taarifa alipozidiwa, nilipiga. Iliita mara mbili nikakata. Mara mbili zinatosha kwa mtu aliye macho, na mikono yangu ilikuwa na maji.

Siku hizi wavuvi wengi wanatumia taa za sola, karabai hazina soko. Nimeipata moja kwa bei ya bure, ile yenye mpini uliofungwa waya. Mama aliiona kabla hajaondoka. Akauliza nyingine ziko wapi, nikamwambia ziko ziwani.

Haina utambi, na hapa nimetafuta nimechoka. Kariakoo huenda ukapata. Nunua na wa akiba, uje nao mwenyewe, usimpe kondakta.

Dada yako