Mwanaidi, mkojo mwingi si ushahidi kwamba figo ni nzima

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku Dar. Sisi wazima, ila joto ndiyo hivyo tena. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na ile picha ya karatasi ya maabara nimeiona. Nakujibu kwa kuandika ili umsomee mama yako, Bi Mkubwa, maana kwa simu wewe hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Umeuliza figo zitakuwaje mbovu wakati mama anakojoa vizuri, tena usiku anaamka mara tatu. Swali hilo tunaulizwa sana kwenye kitengo chetu cha figo.

Wengi wanadhani figo huokota uchafu kwenye damu na kuutupa. Njia yake ni nyingine kabisa. Mfikirie mwanamke anayemwaga mkoba wake wote kitandani, halafu anarudisha anachokihitaji: funguo, simu, pesa, kitambulisho. Risiti za zamani na maganda ya pipi yanabaki nje. Damu hupita kwenye figo zote mbili kiasi cha lita moja kila dakika, na kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku nzima vinamwaga kama lita 180 za majimaji, yenye chumvi, sukari, madini ya potasiamu, na taka kama yurea inayotokana na protini tunayokula. Chembe za damu na protini kubwa hazitakiwi kupita. Protini ikivuja nyingi, ndipo unaona mkojo una povu lisilokatika. Baada ya hapo majimaji yanaingia kwenye vijirija virefu, na kazi ya kurudisha inaanza. Sukari inarudi yote, kwa mtu asiye na kisukari. Maji yanarudi kama asilimia 99. Kinachobaki ni lita moja na nusu hivi, ndiyo hiyo tunayokwenda nayo chooni.

Sasa piga hesabu. Hata ikibaki thuluthi tu ya uwezo, bado zinamwagwa lita 60 kwa siku. Lita moja na nusu ya mkojo itakosekanaje? Tena figo iliyochoka hushindwa kuyabana maji usiku, mkojo unakuwa mwingi na mwepesi. Kuamka usiku kuna sababu nyingine pia, lakini kwa mama yetu mwenye presha ya miaka yote hiyo, mimi hakunipi faraja.

Karatasi inasema kreatinini 148. Hiyo ni taka ya misuli, na figo ndizo zinazoitoa. Usilinganishe namba yake na ya mpwa wako anayebeba magunia bandarini. Yeye ana misuli, kreatinini yake huwa juu kidogo kwa asili. Kwa mwanamke mwembamba wa miaka 63, hesabu ya uchujaji inatoka kama mililita 34 kwa dakika, na mtu mzima mwenye figo nzima mara nyingi huwa 90 au zaidi. Ubaya wa kreatinini ni kwamba hukaa kimya mpaka karibu nusu ya kazi imepotea. Kipimo kimoja hakitoshi, kirudiwe.

Lakini taka peke yake si jambo linalonitisha. Kinachonitisha ni mizani ya vitu ndani ya damu. Tulikuwa na mgonjwa, mzee wa watu, anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki. Jumatatu moja aliletwa ameshikiliwa na wanawe, miguu haina nguvu. Kipimo cha umeme wa moyo kilitoa mistari iliyochongoka. Potasiamu ilipita 7, na ya kawaida huishia kwenye 5. Jirani alimwambia madafu yanasafisha figo, akayanywa Jumamosi na Jumapili. Dafu limejaa potasiamu. Wewe na mimi tukinywa, figo zinaitoa kimyakimya ndani ya saa chache. Yeye ilibaki kwenye damu, na potasiamu ikizidi, moyo unaweza kusimama bila kuaga. Alipona, lakini siku ile hatukula chakula cha mchana. Asidi nayo ni hivyo hivyo, na chumvi, na maji: figo hupima kila dakika, zikitoa kinachozidi na kubakiza kinachopungua.

Halafu ile habari ya damu ndogo. Usimmalizie pesa kwenye juisi ya rosela. Figo hutengeneza homoni inayouamuru uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu. Figo zikidhoofu, amri inapungua, na mtu anachoka hata akila maini kila siku. Daktari apime madini ya chuma kwanza, kisha aangalie kama kuna haja ya sindano ya homoni hiyo.

Na magoti? Najua anameza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ananunua duka la dawa bila cheti, nimeiona mwenyewe kwenye kopo la sukari. Iondoe. Mishipa midogo inayoingiza damu kwenye figo hubaki wazi kwa msaada wa kemikali fulani mwilini, na dawa hizo huizuia kemikali hiyo. Kwa figo nzima, siku mbili tatu mara nyingi hazina neno. Kwa figo za mama, kila kidonge ni mkopo wenye riba. Daktari atampa ya kutuliza maumivu inayomfaa.

Vyakula usimkataze kwa kubahatisha, atadhoofika bure. Kama potasiamu ipo sawa, ale ndizi yake. Ikiwa juu, mchicha uchemshwe kwa maji mengi yamwagwe, na madafu yasubiri. Chumvi ndiyo ipunguzwe tangu leo, hata kama atanuna.

Mkienda kliniki, omba wapime protini kwenye mkojo, potasiamu, sukari, na picha ya ultrasaundi ya figo. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, na miti shamba ile ya unga pia, hata kama ataona haya. Akivimba miguu au akianza kupumua kwa shida, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo.

Majibu yakitoka nitumie picha. Wiki hii niko zamu ya usiku, kwa hiyo piga baada ya saa nane mchana.

Wako,
Zuhura